Mkono Uliochanjwa

Watu wa Dutwa wanasema kaka yangu Ndaki alikufa kwa kiburi. Wamesema hivyo mwaka hadi mwaka, na mimi nimekaa kimya nikipima mchele wangu hapa sokoni Bariadi, utadhani anayesemwa ni mtu baki. Sasa Nyanda, aliyekuwa mkuu wa wacheza nyoka, ameshakufa, na waliobaki kwenye chama chake ni vijana wanaocheza na chatu mzee kwenye mapokezi ya viongozi. Hakuna tena wa kumtenga mtu. Kwa hiyo nitasema, na atakayeudhika atanikuta hapahapa kwenye mizani, aulize Scola.

Sisi ni Wakatoliki. Baba yetu alibatizwa, sisi tukabatizwa, na Ndaki alifunga ndoa kanisani na Domitila wake. Lakini baba yetu alikuwa pia mmoja wa wale wacheza nyoka tunaowaita bayeye, na alimwachia Ndaki dawa ya koboko. Wenzake walikuwa na dawa ya swila, wengine ya kifutu. Ya koboko ilikuwa kwenye nyumba yetu tu. Mimi sikupewa, maana nilikuwa wa kuolewa na dawa haiolewi. Padri alijua habari hizo na alinyamaza, kwa sababu mpishi wake aliwahi kuumwa akikata kuni, na hakuponea misheni, aliponea kwa Ndaki.

Masharti yake yalikuwa mepesi kuyasema. Anayefundishwa dawa huchanjwa kwanza kwenye kifundo cha mkono wa kulia, na dawa hupakwa kwenye damu. Akishachanjwa, hana ruhusa kumtajia mzizi ule mtu asiyechanjwa. Akimtajia, dawa inavunjika, unabaki mti kama miti mingine. Na nyumba iliyovunja dawa inatengwa: hakuna myeye atakayemtibu mtu wa nyumba hiyo, awe ameumwa na nyoka gani, awe mkubwa au mchanga. Kwa watu wanaopalilia pamba pekupeku, hiyo si adhabu ya kuchekwa.

Ndaki alimchanja Minza, mtoto wake wa kwanza, angali mdogo. Watoto wa kiume walikuwa hawajazaliwa bado na yeye alitaka mtu wa kumbebea kapu akienda kuchimba. Wenzake walimcheka kwamba anampa dawa mtu atakayekwenda kupikia ukoo mwingine. Aliwajibu kwamba binti yake haendi kupika popote, anakwenda shule.

Na shule akaenda kweli. Minza alikuwa na kichwa, tena kile cha kung'ang'ania, si cha kubahatisha. Alimaliza kidato cha sita, lakini chuo kikuu cha Dar es Salaam hakikumchukua. Nafasi zilikuwa chache na serikali ilikuwa imeanza wimbo wa kila mtu kuchangia elimu yake. Ilikuwa miaka ile mambo yamefunguliwa. Pamba, ambayo tulizoea kuupelekea ushirika tu, sasa alinunua yeyote mwenye mizani na gari, na vyuo vya Ulaya navyo vikaanza kutafuta wanafunzi mpaka Mwanza. Padri akampatia Minza wafadhili, waumini wa parokia moja huko Uingereza, na chuo kikasema sawa, ila kwanza asome mwaka mmoja wa faundesheni.

Hilo neno lilitupa tabu. Ndaki aliuliza wanajenga msingi gani tena, wakati mtoto ameshasoma mpaka macho yanamuuma. Minza akatueleza kwamba huko wageni wengi hawaingii digrii moja kwa moja. Wanawekwa mwaka mmoja wajifunze kusoma na kuandika kwa namna ya wenyeji. Ukipita, mbele yako kuna milango miwili. Mmoja ni uhusiano wa kimataifa, unaofundisha jinsi nchi zinavyogombana na kupatana. Mwingine ni anthropolojia, unaofundisha watu na mila zao. Ukianguka, unarudi kwenu na sanduku lako.

Minza alitaka mlango wa kwanza. Alitaka kuwa balozi. Ndaki alilibeba neno hilo mpaka kwenye foleni ya pamba, mpaka kilabuni, watu wakaanza kumwita Baba Balozi kwa kejeli, naye akaitika bila haya. Siku Minza anaondoka, baba yake alimpa kipande cha mzizi mkavu kilichofungwa kwenye kitambaa cheusi, kimlinde ugenini. Nilimwambia Uingereza hakuna koboko. Akanijibu kwamba si kila nyoka ana magamba, nami nikamwacha na methali zake.

Minza alirudi mwaka uliofuata, msimu wa pamba umepamba moto. Basi la Mwanza lilipitia Lamadi likamshusha hapa Bariadi mchana, na Ndaki alikuwa kwangu tangu asubuhi, amekuja kwa baiskeli na jogoo amemfunga kwenye keria. Minza alikuwa amekonda. Alipiga goti akatuamkia, "Mwadila baba, mwadila sengi," nami shangazi yake nikafurahi moyoni kwamba Wazungu hawajamharibu. Tukala. Tulipomaliza akatoa rekoda ndogo kwenye mkoba, akaiweka mezani, akawa anaizungushazungusha bila kuiwasha.

Alianza mbali. Alisema darasa lao lilikuwa la wageni watupu, na kwenye uhusiano wa kimataifa alikuwa anaachwa nyuma na watoto wa mabalozi na wafanyabiashara waliokizungumza Kiingereza tangu kitandani. Alama zake zilikuwa za katikati, na za katikati hazimpitishi mtu. Kilichobaki kumwokoa ni kazi moja kubwa ya anthropolojia: kila mwanafunzi aandike kitu cha kwao. Yeye akaandika habari za ngoma zetu za mavuno. Mwalimu wake, mama mmoja mpole, akamwambia hizo ziko maktaba tangu enzi za wakoloni. Akamwambia aandike kitu anachokijua yeye na hakimo kwenye kitabu chochote.

"Kwa hiyo niliandika koboko," Minza akasema.

Alikuwa ameandika vyote: jina la mti, mahali unapoota, wakati wa kuchimba, unachanganywa na nini, mgonjwa anapewaje. Na siku ya kuisoma kazi yake darasani alikifungua kile kitambaa cheusi, akauweka mzizi mezani, ukapita mkono kwa mkono kwa wanafunzi wa mataifa yote. Alipata alama ya juu kuliko wote. Mlango wa anthropolojia ukafunguka, na wafadhili wakasema watamlipia mpaka digrii.

Likabaki jambo moja. Huko kwao, alisema, huwezi kuandika elimu ya mtu bila ridhaa yake. Mwalimu alidhani ridhaa ilikuwepo. Alipogundua haipo ndipo akampa rekoda, na padri akamtafutia tiketi. Baba aseme kwa sauti yake mwenyewe kwamba amekubali. Bila sauti hiyo kazi yote inafutwa, na Minza ameanguka faundesheni.

Nilikuwa nakusanya vyombo. Nilivirudisha mezani nikakaa. Kumbe mwaka mzima tulikuwa tunasema mtoto amekwenda kusoma, na somo lenyewe ni sisi. Mkono uliniwasha, nikatamani kumzaba kibao yule msichana na goti lake la heshima. Nilimuuliza kama siku hizi ruhusa inaombwa baada ya kuiba. Ndaki akaninyooshea kiganja ninyamaze.

Minza akajitetea. Sharti lilikataza kutaja, alisema, na yeye hakumtajia mtu kwa mdomo. Aliandika tu, tena kwa Kiingereza, mbali huko ambako hakuna hata mmoja anayejua Dutwa iko upande gani. Halafu akasema maneno ambayo yamenirudia mara nyingi. Alisema mzizi ni mzizi, na dawa haiwezi kufa kwa sababu imeandikwa.

Ndaki akamshika mkono wa kulia, akaugeuza. Chale zilikuwa palepale kwenye kifundo, ndogo, nyeusi.

"Mdomo wako haukuchanjwa," akasema. "Uliochanjwa ni mkono. Ndio huu ulioandika?"

Minza akaitikia kwa kichwa.

"Basi imevunjika."

Hakugomba. Ningependa angegomba, ningejua pa kumshika. Alimwangalia jogoo wake uani, kisha akamwambia Minza awashe kile kidude. Nilimwambia asithubutu. Akasema chungu kilichovunjika hakiungwi kwa kumfelisha mtoto, na kama dawa ya baba yetu imekwenda, basi angalau impitishe mtu. Akainama mezani.

"Mimi Ndaki, baba wa Minza, nimekubali."

Akauliza kama inatosha. Minza akasema inatosha, na hapo ndipo alipoanza kulia.

Ingeishia hapo, tungelia kidogo na kuzoea. Lakini Ndaki alikuwa ameshatangazwa. Kampuni moja ya kununua pamba, katika kugombania wakulima na wenzake, ilikuwa imeandaa mashindano ya ngoma pale Dutwa Jumamosi ile: dume la ng'ombe kwa washindi, na mizani ya kampuni pembeni ili watu waje na pamba yao. Pikapu yao ilikuwa imepita vijiji vyote ikitangaza kwa kipaza sauti kwamba Ndaki wa Koboko ndiye atakayefungua uwanja. Koboko mwenyewe alikuwa ameshakamatwa, yuko kwenye kapu nyumbani kwa Nyanda.

Nilimwambia aseme anaumwa. Akanikumbusha desturi yao, ambayo kila mtu wa kwetu anaijua. Kabla myeye hajaingia uwanjani, mkuu wao humuuliza mbele ya watu: dawa ni nzima? Hujibu nzima, akaingia. Mwenye homa huingia na homa yake. Asiyeingia wakati nyoka wake ameshakamatwa, huyo amekwisha kujibu, na wataketi naye chini mpaka aeleze ni nani aliyeivunja. Nikamwambia basi amng'oe nyoka meno, kama watu wanavyosema wanafanya. Alicheka, mara ya kwanza siku ile. Nyanda humfumbua nyoka mdomo kwa kijiti mbele ya umati, akasema, na meno lazima yaonekane.

"Nikisema, wanamtenga Minza, na mama yake, na wale wadogo zake," akasema. "Nikiingia, labda haniumi. Si kila mara ananiuma."

Hilo lilikuwa kweli. Misimu mingi alikuwa anatoka uwanjani hana hata mkwaruzo. Tukaishika hiyo labda yake, mimi na Minza, tukaiamini kwa sababu hatukuwa na kingine. Akatuapisha tusimwambie mtu, hata Domitila, akamfungua jogoo kwenye mguu akaniachia, akampakia binti yake kwenye keria, wakaenda zao Dutwa.

Jumamosi nilifunga duka nikaenda. Dutwa ilikuwa imejaa, malori yamepanga mstari, marobota ya pamba yamerundikwa mpaka barabarani, na vumbi la kutosha kumzika mtu. Minza alinikuta kwenye umati akanishika mkono. Josia, rafiki wa Ndaki tangu wakichunga pamoja, alikuwa tayari pembeni ya uwanja na kapu la dawa. Kazi yake ilikuwa hiyo siku zote: Ndaki akiumwa, Josia anamtafunisha dawa, Ndaki anaendelea kucheza, watu wanapagawa. Kuna waliokuja kwa ajili ya kuona akiumwa tu.

Nyanda alimfumbua koboko mdomo, watu wa mbele wakaona. Kisha akamgeukia Ndaki akamuuliza kama wanavyoulizana.

"Dawa ni nzima?"

"Nzima," Ndaki akajibu, na sauti haikumtetemeka hata kidogo.

Alicheza vizuri. Nasema hivyo kwa sababu nimemwona akicheza tangu tukiwa watoto na najua alipokuwa anadanganya kwa mabega. Siku ile hakudanganya. Nyoka alikuwa shingoni mwake, kisha mkononi, kisha shingoni tena, na ngoma ilikuwa imefika pale ambapo hupungua ili amrudishe kapuni. Nilikuwa nimeanza kupumua. Ndipo yule mtu wa kampuni juu ya pikapu akawasha kipaza sauti chake atangaze bei ya siku, kikapiga ukelele, umati ukasukumana, na koboko akageuka akamuuma Ndaki chini ya sikio.

Vigelegele vikapigwa. Ndaki alimshika nyoka akamrudisha kapuni kwa mikono yake, akafunga mfuniko vizuri, kisha akasimama. Josia akaja mbio na dawa mkononi akampa. Ndaki akafunga mdomo. Watu wakacheka, wakidhani ni mchezo mpya. Josia naye akacheka, akajaribu tena, kisha akaacha kucheka akamshika taya. Ndaki akauma meno, akamsukuma mkono.

Hapo nikaelewa. Akiimeza na ikashindwa kazi mbele ya Dutwa nzima, kila mtu angejua imevunjika, na Nyanda angetafuta aliyeivunja. Asipoimeza, watasema Ndaki alikataa, basi, na dawa itabaki na jina lake safi. Alikuwa ameyapanga yote hayo, pengine tangu kwenye baiskeli njiani, binti yake amekaa nyuma yake.

Minza alipenya akamfikia, akapiga magoti vumbini akamsihi ameze. Alimsihi kwa Kisukuma, kwa maneno ambayo mtoto hamwambii baba yake. Ndaki alikuwa ameshakaa chini. Alimwangalia akatikisa kichwa. Wanaume wakamlaza, wakajaribu kumpanua meno kwa mpini wa kijiko, wakashindwa. Alikuwa na nguvu za taya kaka yangu, hata mwisho.

Walimpakia kwenye pikapu ya kampuni kumleta hospitali Bariadi, kichwa chake mapajani kwangu. Macho yalikuwa yanamfumba yenyewe na pumzi inamkata. Nilikuwa na hasira naye. Sina haja ya kujipamba: kaka yangu alikuwa anakufa na mimi nilikuwa namgombeza njia nzima, nikimwita mpumbavu, nikimwambia ameze mate basi kama hawezi kumeza dawa. Alikata roho kabla hatujaziona nyumba za mjini. Dereva wa pikapu alituomba radhi kwa ajili ya kipaza sauti.

Tukazika. Kampuni ilileta gunia la mchele, tena mchele mbovu, mimi naujua mchele. Na msibani hapohapo ndipo lilipoanza lile neno, kwamba Ndaki alikuwa amelewa sifa, kwamba alitaka kuonyesha anamweza koboko bila dawa. Domitila alilisikia akiwa amekaa mkekani, akauma upindo wa kanga yake. Mimi na Minza tulikuwa tumekaa kulia na kushoto kwake, na midomo yetu imejaa maji.

Siku ya kumaliza matanga Nyanda alikuja na kapu la dawa la Ndaki. Akauliza ni nani wa nyumba ile aliyechanjwa, na jibu alikuwa nalo kabla ya kuuliza, maana wadogo zake Minza wa kiume walikuwa bado hawajaguswa. Anayepokea kapu hukaa nalo mpaka amfundishe mwingine naye aive; haliachwi, halivuki ziwa. Kila mtu pale alijua kwamba Minza alikuwa na safari. Domitila, asiyejua kitu, alimwangalia binti yake akimwomba kwa macho apokee, kwa sababu alikuwa amepoteza mume na hakutaka kupoteza na heshima ya nyumba.

Neno moja lingemfungulia njia. Aseme dawa si nzima, kapu lichomwe moto palepale, na yeye aende zake akapande ndege. Mama na wadogo zake wangebaki na kutengwa kwao, na baba yake angekuwa amefunga mdomo bure.

"Dawa ni nzima?" Nyanda akamuuliza.

Minza alipiga magoti akapokea kapu kwa mikono miwili.

"Nzima," akasema.

Padri alimfuata mara kadhaa kuhusu ile kanda ya rekoda yenye sauti ya baba yake. Chuo kilikuwa kinaisubiri, nafasi ipo, wafadhili wapo. Minza aliniletea mimi, akaniambia niiweke mahali ambapo hataiona. Alisema hawezi kuisikiliza na hawezi kuiuza. Yule aliyesema mzizi ni mzizi sasa alikuwa anaamini kama baba yake: kwamba mkono wake uliua dawa, na dawa iliyokufa ndiyo iliyomuua baba. Sikumbishia. Sikuwa na nguvu ya kumfariji mtu ambaye bado nilitaka kumzaba kibao.

Ikafika Septemba, wakati wa kung'oa mabua ya pamba na kuyachoma, kama serikali inavyotaka kila mwisho wa msimu. Nyoka hujificha kwenye mirundo ile. Nilikuwa nimekwenda kumpelekea Domitila mchele nilipoona watu wanakuja na baiskeli, na aliyelazwa juu yake ni Josia. Koboko alikuwa amemuuma kwenye shavu la mguu akiinua mabua. Hawakumpeleka hospitali kwanza. Walimleta pale kwa sababu kila mtu alijua kapu liko pale.

Minza aliwaona wakiingia uani, akaingia ndani. Nikamfuata. Alikuwa amekaa sakafuni kando ya kapu, mikono ameikumbatia, akaniambia hawezi, atakuwa anamlisha mtu kuni. Nilimwambia kuna kijana amekwenda kutafuta gari, na mpaka lije, uwanja mzima umesimama nje unamsubiri binti wa Ndaki. Atoke ampe kuni hizo. Sauti yangu haikuwa nzuri.

Alitoka. Alitwanga, akachanganya, akamchanja Josia juu ya pale alipoumwa akampaka, akamtafunisha, yote kwa mpangilio uleule wa baba yake. Kisha tukakaa. Jasho lilimtoka Josia mpaka mkeka ukalowa, kope zikaanza kumwanguka kama nilivyomwona Ndaki kwenye pikapu, na mimi nikaanza kusali sala za wanaokufa. Gari halikuja. Jua lilipokuwa linashuka pumzi yake ikatulia. Akafumbua macho, akauliza kama hakuna uji.

Minza aliinuka akaenda nyuma ya zizi. Ukelele aliopiga huko ulimfanya Domitila aangushe kata ya maji, akidhani Josia amekufa. Watu walikimbilia ndani wakamkuta mgonjwa ameketi anapuliza uji kwenye bakuli.

Baadaye daktari wa hospitali aliyemtazama Josia alisema nyoka huweza kuuma bila kumwaga sumu nyingi. Minza aliposikia alimfuata, akamuuliza, akarudi akamuuliza tena siku nyingine. Alitaka sana iwe hivyo. Daktari akamwambia ukweli, kwamba hakuna namna ya kujua.

Josia alipopata nguvu alikuja kushukuru, amebeba kuku. Tulikaa naye uani, mimi, Minza na Domitila. Aliuliza habari za wote, tukajibu mhola, mhola, ni salama. Kisha akampapasa kuku mgongoni, akamgeukia Minza.

"Dawa uliyonipa ndiyo ileile ya siku ile," akasema. "Ilikuwa mkononi mwangu. Ilikuwa nzima. Kwa nini baba yako alifunga mdomo?"

Domitila akainua uso. Minza alinitazama mimi, na kifundo cha mkono wake wa kulia alikuwa amekifunika kwa kushoto. Nilijua kwamba asipojibu mtu mwingine, atajibu yeye.

"Kiburi, Josia," nikasema. "Si mnasema wenyewe? Kaka yangu alikuwa na kiburi."

Josia akaitikia kwa kichwa, polepole, akasema ndivyo walivyoona na wao. Minza akapokea kuku, akaenda kumfunga jikoni.